Maneno Yangu Ndani ya Kazi Yako

Manika, Kolwezi
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Dimitri,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Johannesburg? Wewe na mkeo Jémima mko salama? Na mtoto wenu Shekina, kile kikohozi kilimwacha? Sisi huku tuko wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na magoti ya baba yanamsumbua, lakini anakula vizuri.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Kwa simu ningelia, nawe ungenikatiza.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ulikuja kwa misa ya kumkumbuka mama. Siku tatu ulikaa nami mezani, ukiniuliza kila kitu kuhusu programu ya mabasi ya mji, ile niliyoitengeneza na mwenzangu Kabongo, tukaitunza miaka minane. "Yaya, dada yangu, ni ya mémoire, lile andiko la kumaliza shule," ulisema. Nilifurahi mno. Nikakuandikia kurasa arobaini: jinsi mashine ya shofa, pale kwenye usukani wa basi, inavyotunza tiketi upande wa Kingamyambo, ambako mtandao hupotea, saa za kuongeza mabasi ya Mutoshi, wachimbaji wanaporudi nyumbani, na njia za Kasulo za kufungwa mvua ikinyesha, maana chini ya nyumba kumechimbwa.

Mwezi wa pili mwaka huu mkurugenzi wa mabasi alituita wote wanne wa biro yetu, ofisi ya programu. Akasema kazi ya programu, pamoja na kuwasaidia mashofa kwa simu, inapewa kampuni ya nje. Mama Rachelle, aliyetumwa na kampuni hiyo, akatuonyesha mpango wao ukutani.

Nikasoma sentensi zangu. Neno kwa neno, Dimitri. Hata kituo cha "Kwa Mama Ndaya" kilikuwemo. Kituo hicho hakina kibao. Mimi ndiye niliyekipa jina la mama yetu, kwa kuwa pale ndipo alipouzia mikate. Ukurasa wa mwisho ukataja mkuu wa kazi, na jina lilikuwa lako.

Mkurugenzi akauliza kama kuna mwenye neno. Ningesema nini? Kwamba mtoto wa mama yangu ni mwizi?

Nje, Kabongo akanisimamisha.

"Mama Honorine, huyu Dimitri si mudogo yako?"

"Ni yeye."

"Basi ulituuzisha."

Nikamwambia mi sikujua. Hakuamini. Sasa yuko Mutoshi anachimba, yeye na diploma yake, na tukikutana kanisani anageuza uso. Kupoteza kazi naweza kukubali. Hilo la Kabongo linanishinda.

Jumanne iliyopita shofa wetu wa siku nyingi, Tata Banza, alinipigia akiwa Kasulo, baada ya kuwauliza watu wa kampuni yenu kwa simu. "Mama, gurudumu ya mbele imeingia mu shimo! Bale batu ba simu banasema njia iko muzuri." Nilikimbia hadi pale. Watu walikuwa wakitokea madirishani mwa basi, na mama mmoja mkono wake ulikuwa umeteguka. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Nikasimama palepale matopeni nikiwapigia mashofa wengine mmoja mmoja wasije njia ile.

Ukurasa wa mvua nilikuandikia. Wewe uliuondoa. Labda uliona ni mambo madogo ya Kasulo, wewe uliyezaliwa huku.

Urudishe wiki hii. Halafu umwandikie Kabongo kwa mkono wako mwenyewe, umweleze kwamba sikujua. Mimi usiniombe msamaha kwanza. Anza na yeye.

Baba hajui chochote. Anajua tu kwamba umepata kazi kubwa ya mabasi ya mji wetu, na kila mgeni anaonyeshwa picha yako. Juzi aliniangalia nimekaa tu nyumbani, akasema, "Honorine, ungejifunza kwa mudogo yako." Nikamjibu, "Ndiyo, tata."

Nisalimie Jémima, na umbusu Shekina kwa niaba yangu. Shangazi Henriette na watoto wake wanakusalimu. Mungu awalinde huko mliko, na asikuache ulale vizuri mpaka umwandikie Kabongo.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda na hajui afanye nini na upendo huo,

Yaya Honorine