Mliyoyasoma Mara ya Mwisho Hayakuwa Maneno Yangu

Kitale, Jumatano, Mei 2009

Kwa wasomaji wa shajara hii, wachache na waheshimiwa, mlioko Kitale, Bungoma, Naitiri na huko mbali ambako mtandao unafika nami sitafika: nawasalimu nyote kwa adabu, nikitumaini kwamba mvua hizi zimewakuta wazima na mahindi yenu yamepita magoti.

Naomba radhi kwa kuchelewa wiki nzima. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na wamisionari walionilea walinifundisha kwamba mwenye hasira asishike kalamu. Leo kumekuwa na ukungu tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa, na hasira yangu imepoa hadi kiwango cha kuandikika.

Haijaisha. Imepoa tu.

Kwanza niungame jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Blogu hii mnayoisoma, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuiona. Naandika kwa mkono, katika daftari, kisha nararua kurasa na kumtumia binti yangu wa kwanza, Nasimiyu, ambaye ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma. Yeye huzichapa wakati wa chakula cha mchana na kuziweka mtandaoni. Neno la siri la kufungulia blogu analo yeye. Nilimwamini kama nilivyokuwa nikiamini posta.

Jumapili ya juma lililopita, baada ya ibada, Mzee Barasa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu hapa senta ya maduka, njia ya Endebess, alinishika mkono mbele ya watu. Mkono wake wa pili ulikuwa na karatasi.

"Ndugu yangu, tumekusoma," akasema. "Kijana wangu alinitolea hii kwa kompyuta. Umeongea kama mzee! Sasa hii azimio yetu ya kufunga ile nyumba ya gemu, ni wewe utaisomea kanisa mwisho wa mwezi, halafu tunampelekea chifu. Si wewe ndiye ulizoea kusoma mbele ya majaji?"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Nami nikasimama pale na tabasamu langu la mahakamani, nisijue nashukuriwa kwa kosa gani.

Niliomba ile karatasi nikaenda nayo nyumbani. Mtu aliyefanya kazi mahakamani hatumi waraka bila kubakiza nakala yake, kwa hiyo nilitoa nakala yangu ya kaboni, nikaziweka mbili hizo mezani kando kwa kando, nikavaa miwani.

Mimi nilikuwa nimeandika hivi: "Wazee wetu wamehukumu mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona. Huo si uongozi. Ni uvivu wa kutembea hatua mia mbili."

Karatasi ya Mzee Barasa ilisema: "Wazee wetu wameutazama mchezo huo kwa makini. Huo ni uongozi."

Kuhusu simu niliyouziwa Bungoma nilikuwa nimeandika kwamba ni takataka iliyong'arishwa. Mtandaoni ilisemekana kwamba simu hiyo "ina changamoto zake." Na aya yangu juu ya wakubwa wa Nairobi wanaotaka kuvifunga mdomo vyombo vya habari haikuwapo kabisa. Mahali pake paliandikwa: "Mungu aibariki nchi yetu."

Nisamehewe, lakini nilicheka. Nilicheka peke yangu mezani hadi chai ikapoa. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Bi Nanjala.

Bi Nanjala ndiye mwenye ile nyumba ya gemu. Alikuwa akiuza mitumba. Mumewe alipofariki, aliuza bidhaa zote kwa mara moja, akanunua televisheni mbili na mitambo miwili ya michezo, akafungua chumba chake nyuma ya kinyozi. Wanawe wawili wako shuleni kwa sababu ya chumba hicho. Ndiyo, yeye ni mjane na mimi ni mgane, na yeyote anayetaka kuimaliza sentensi hiyo aimalize mwenyewe, kwa aibu yake. Chumba hicho kikifungwa na chifu, kitafungwa kwa karatasi yenye jina langu.

Jumatatu nikampigia Nasimiyu.

"Baba, nilisafisha tu kidogo," akasema.

"Ulipofua, mama, nguo ilirudi na rangi nyingine."

"Maneno yalikuwa makali, Baba. Wewe ni mtu mpole. Mtu akisoma hiyo kitu atasema si wewe."

"Ni mimi."

"Haya, ni wewe. Na mimi je? Mkubwa wangu anasoma hiyo blogu, ananiuliza, ati huyu mzee ni baba yako? Wewe umestaafu. Mimi bado niko na kazi ya kupoteza. Na umesahau huku juu mlimani watu walibebwa na askari juu ya maneno tu? Umesahau mwaka jana?"

Sijasahau. Hakuna mtu wa sehemu hizi aliyesahau. Kisha muda wangu wa maongezi ulikwisha, simu ikakatika. Nakiri mbele yenu kwamba nilishukuru.

Nimelitafakari jambo hili kwa siku tisa. Mwanangu hakufanya ubaya kwa ubaya. Aliogopa, na aliogopa kwa ajili yangu pia. Lakini lazima niwaeleze kwa nini amenigusa mahali ambapo mtu mwingine asingeweza kunigusa.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuyachukua maneno ya watu kutoka Kibukusu na Kisabaoti na kuyafikisha kwa hakimu katika Kiingereza, na ya hakimu kuyarudisha. Tulikula kiapo: usiongeze, usipunguze. Siku moja tuliletewa bibi kizee kutoka upande wa Kapsokwony, kwa kosa la kupika pombe haramu ya chang'aa. Hakimu alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi. Yule bibi alimtazama, kisha akaniambia kwa lugha yake, "Mwambie huyo mtoto ameketishwa juu sana, na matako yake bado ni mabichi."

Mnanijua. Mimi ni mtu ninayeomba radhi hata kwa kuku nikiwakanyagia punje. Lakini niliinama, nikasema, "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa," kisha nikayatoa yote, pamoja na matako. Hakimu aliacha kuandika, akauliza kama "mabichi" ndilo neno lenyewe. Nikamjibu kwamba ndilo. Akaandika.

Yule bibi hakuwa na kitu kingine mahakamani ila sentensi ile. Ningewezaje kumnyang'anya?

Miaka thelathini na mmoja, basi, nilikuwa mdomo wa watu wengine. Marehemu mke wangu alizoea kuniambia kwamba hata nyumbani nanyamaza kana kwamba nangoja shahidi amalize. Alikuwa na haki. Nilipobaki peke yangu ndipo nilipogundua kwamba na mimi nina la kusema, na kwamba limechelewa. Ndiyo sababu ya shajara hii. Na sasa, nilipofungua mdomo wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, mkalimani wangu amenipunguza.

Kwa hiyo narudia, bila sabuni.

Kuhusu simu. Nilionyeshwa simu yenye laini mbili, redio, kamera, televisheni yenye mlingoti wa kuvuta, na spika inayoweza kuishinda kwaya. Wiki ya tatu herufi zote zilikuwa zimefutika kwenye vitufe. Sasa nabonyeza kwa kukumbuka, kama mpiga kinanda kipofu. Ukiwasha televisheni, unaona mvua. Ukipokea simu, unasikia mvua ile ile. Ni takataka iliyong'arishwa. Simu yangu ya kwanza ilikuwa na tochi na sauti, basi, na ilinifaa kuliko hii. Mtengenezaji anayejaza vitu kumi visivyofanya kazi mahali pa viwili vinavyofanya kazi anatudharau, nasi tunamlipa kwa dharau hiyo na kuwaonyesha majirani.

Na muda wa maongezi unaofutwa usipoutumia kwa siku kadhaa! Nimeununua. Ni wangu. Tangu lini maneno ambayo mtu hajayasema yakaoza? Mimi nilikaa na yangu miaka thelathini na mmoja, na bado ni mazima.

Kuhusu michezo. Katika mahakama zote nilizotumikia, ushahidi wa kusikia kwa mtu haukubaliwi. Kwa hiyo kabla sijaandika nilikwenda kwa Bi Nanjala, nikavua kofia, nikalipa, nikakaa. Nilicheza mpira wa miguu wa televisheni dhidi ya Wafula, fundi wa baiskeli, mtu mzima mwenye watoto wanne. Alinifunga saba bila.

"Mzee, si uguze hata mpira bana!" alikuwa akiniambia. "Golikipa wako amelara! Mwamshe aende nyumbani!"

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi tangu matanga ya mke wangu. Niliwaona watu wanane chumbani, hakuna aliyelewa, hakuna aliyempiga mwenzake, na aliyeshindwa alimpisha mwingine kiti bila kuambiwa. Katika harambee zetu sijaliona hilo.

Nilionyeshwa pia mchezo wa bunduki. Huo sikuupenda, na nilimwambia Bi Nanjala waziwazi kwamba kwa watu tuliolala mashambani tukisikia bunduki za kweli, huo si mchezo. Akanijibu, "Hata mimi siipendi, Mzee, lakini hiyo ndiyo inaleta watu Jumamosi." Hatukukubaliana. Sikumwitia chifu. Nilimwambia maneno yangu, akaniambia yake, akaniletea soda. Nilidhani hivyo ndivyo watu wanavyoishi pamoja.

Kuhusu maneno yenyewe. Nasimiyu anasema maneno yalituletea maafa, na ana sehemu ya ukweli. Nilizisikia redioni, katika ghasia za baada ya uchaguzi, zile kauli za kuwaita watu wadudu na magugu. Mtu wa namna hiyo ashtakiwe, na nitakuja kumkalimania bure. Lakini tangu wakati ule tumegeuka watu wa kunong'ona. Mkubwa akikosea tunasema ana changamoto. Dukani tukipunjwa tunasema Mungu atalipa. Wazee wa kanisa wakihukumu wasichokiona tunapiga makofi, maana amani ni bora. Hiyo si amani, ndugu zangu. Ni mahakama ambayo wakalimani wote wamekubaliana kupunguza, na hakimu anahukumu akidhani amesikia.

Naomba radhi kwa ukali huo. Siuondoi.

Jumapili hii ndiyo Jumapili ya azimio. Nitavaa koti langu la kazi. Nikiitwa, nitakwenda mbele, kwa sababu si adabu kuitwa na wazee ukakaa. Kisha nitawaambia kwamba yale yaliyochapishwa hayakuwa yangu, nitasoma yangu kutoka katika nakala ya kaboni, pamoja na ule uvivu wa hatua mia mbili, na azimio lao nitalirudisha mikononi mwa Mzee Barasa bila kulisoma. Wakitaka kuniondoa katika zamu ya kusoma Neno, wataniondoa. Nimeishika miaka kumi na minne na nitaikosa sana. Nitakaa benchi la nyuma na kusikiliza wengine.

Sijui kama watakifunga kile chumba. Huenda wakakifunga. Lakini hawatakifunga kwa mdomo wangu.

Sasa nina neno kwa binti yangu, na nawaomba wasomaji mnivumilie, kwa sababu sina njia nyingine ya kulisema isipokuwa kupitia vidole vyake.

Nasimiyu, mama. Ofisi yako sikuitaja kwa jina, na mkubwa wako sijamgusa. Lakini hofu yako ni ya kweli, na sina haki ya kuishi ushujaa wangu kwa mshahara wako. Katika kazi yetu kulikuwa na mlango mmoja wa heshima. Mkalimani aliyemwogopa mshtakiwa, au aliyekuwa ndugu yake, aliruhusiwa kusimama na kusema, "Mheshimiwa, najiondoa." Hakuna aliyemcheka. Niliutumia mlango huo mara mbili mimi mwenyewe. Wewe pia unaweza kujiondoa. Nitumie lile neno la siri, nami nitajifunza kuchapa kwa kidole kimoja pale kwenye kompyuta za kukodi za saiba ya Kitale, hata ikinichukua mwaka. Sitakupenda pungufu. Lakini ukikubali kuchapa, chapa yote, hata haya yanayokuhusu wewe, hata matako ya yule hakimu.

Kujiondoa unaruhusiwa. Kupunguza, hapana.

Kurasa hizi atazibeba Bi Nanjala mwenyewe, Ijumaa asubuhi, akienda Bungoma kumtazama dada yake. Bahasha haikufungwa, amezisoma, kwa kuwa zinamhusu. Nimemwomba akukabidhi mkononi, akusalimie kwa niaba yangu, kisha avute kiti akae. Amesema hana haraka.