Vanishi juu ya Kitako cha Bunduki ya Baba

Jumamosi, alasiri

Maman, baba mdogo, mashangazi, nanyi wadogo zangu: hivyo ndivyo nitakavyoanza kesho kwenye kikao cha familia, kwa sauti ya chini.

Kwa majuma matano nimekuwa nikisugua mafuta ya kitani kwenye kitako cha bunduki ya hewa ya marehemu Baba. Nilipaka kwa kiganja mpaka mti ukapata joto, nikafuta yaliyozidi, nikangoja siku nzima kabla ya kurudia. Ndivyo alivyonifundisha. Pale alipozoea kuegemeza shavu palikuwa pameanza kurudisha rangi yake.

Leo nimetoka soko la Kadutu nikaikuta imepakwa vanishi. Mdogo wangu Fidèle anataka kikao kimrithishe yeye, akaona aitengeneze haraka. Alianza kwa msasa. Hata pale pa shavu.

“Grand, inangara sasa,” aliniambia mimi mkubwa wake, akicheka. “Weye na mafuta yako, mwezi muzima, kama unapakaa mutoto.”

Ninachoogopa ni Maman kumsamehe kabla sijamaliza kusema, nami sitaki asamehewe.

Basi nitatamka hivi: Fidèle ataiondoa vanishi kwa mkono wake, kisha atapaka mafuta kwa kiganja, tabaka baada ya tabaka, kila Jumapili baada ya misa, sebuleni, wakwe zake wakiwa wamealikwa kutazama. Mpaka amalize, bunduki haina mrithi. Anayekubali anyooshe mkono, tukianzia kwa Maman.