Betri za Baba

Magomeni, Jumamosi usiku

Ule mchezo wa vyombo vya angani sitaki kuuona tena. Unalia kama mwanambuzi aliyenasa kwenye uzio, na ukishindwa unakuzomea. Wa nyani anayechuma matunda si mbaya, ila nyani mwenyewe mvivu. Wa mpira ndio kiboko yao, ingawa wachezaji ni vitone vyekundu tu na hakuna refa wa kutukana.

Kaka Hamisi, anayefanya kazi melini, ndiye aliyerudi na hivyo vijisanduku vya michezo. Betri madukani hakuna, kwa hiyo tulichomoa za redio ya Baba, alizoanika juani tangu asubuhi zipate nguvu.

Baba akatukuta karibu na saa ya taarifa ya habari. Nikajua tumekwisha. Hamisi akampa ule wa mpira.

"Jaribu kidogo tu, Baba."

Akakaa mkekani. Taarifa ikapita, betri zikafa, yeye bado anabonyeza.

Jirani yetu Mzee Chilumba, asiye na redio, akaja kama kawaida kuuliza wamesemaje leo.

"Wamesema tulime kwa bidii," Baba akamjibu bila kupepesa macho.

Mzee akaaga, ameridhika.

Wala sidhani kama Baba alikosea; kila siku wanasema hivyo hivyo.