Tate Stanislas na Ukuta Unaobeba Paa

Mwaka umetimia, Tate Stanislas, babu yetu, tangu tukutoe nyumbani kwako kijijini Miti kwenda kukuzika, kwa mlango wa jikoni, maana ule wa mbele uliuziba kwa matofali na hukusema kwa nini.

Mzungu wa shamba la kahawa alijenga vyumba viwili vya kwanza. Baba yako akaongeza vya mbao. Mengine yote ni yako: dirisha la sebule linalotazama chumba cha kulala, ngazi tatu zinazopanda na kuishia ukutani, bomba la moshi ndani ya kabati la nguo. Mashati yako yalinuka moshi hata kanisani. Tulipokuuliza sababu, ulitukatia muwa, ukarudi kwenye udongo wako wa kujengea.

Kitu kimoja tu ulikieleza: ukuta mmoja ndio unaobeba paa lote, nawe uliuwekea msalaba wa chaki ili usiguswe.

Wiki iliyopita tonton Hervé, mwanao, alikuja kutoka mtaa wa Muhumba, mjini, na fundi Akili ili kupanua sebule kwa ajili ya misa yako ya kumbukumbu.

« Bomoa huu. »

« Patron, iko na musalaba. »

« Basi ule. »

« Ule nayo iko nao. »

« Maman! Ukuta wa muzee ni gani? »

« Miye najua? » akajibu Tate Constance, bibi yetu, mke wako. « Miaka makumi ine napotea humu. Nikienda choo, najikuta kwa kuku! »

Walihesabu misalaba kumi na mmoja. Fundi alikusanya nyundo zake, akaenda kusimama uwanjani, mbali na paa.

Mjukuu anayeandika tangazo hili ana la kukiri. Likizo ya Pasaka ya mwisho ya uhai wako nilirudi kutoka internat, shule ya bweni, na chaki, nikanakili msalaba wako ukuta baada ya ukuta, vizuri mno. Ulinikuta kwenye wa tisa. Nilingoja fimbo. Ukaomba chaki, ukachora mwingine, ukasema: « Sasa waje wabomoe. »

Misa ilisomwa hivyo hivyo, bila ukuta kubomolewa. Padri alisimama kwenye ngazi zako tatu, na dirisha la ajabu likapeleka sauti chumbani kwa waliokosa nafasi. Kama ulipanga, hatujui.

Baadaye nilichukua kitambaa chenye maji nifute misalaba yangu. Sikuitambua. Tate Constance akaninyang'anya kitambaa.

« Acha. Yote iko yake. »

Wanaokukumbuka: mke wako Constance, mwanao Hervé, wajukuu wako, na fundi Akili, kutoka uwanjani. Tutakukumbuka kila mvua itakaponyesha juu ya paa lako, ambalo bado limesimama.