Siku Mbili za Jiko Safi

Jumatatu, 3 Machi

Nimesiliba jiko upya. Kuta zote, mpaka nyuma ya mafiga. Masizi ya miaka hayatoki, nimeyafunika kwa udongo mweupe. Mgongo unaniuma. Jenista, mke wa mwanangu Deusi, alisimama mlangoni akasema, "Mama, si walisema tusibadilishe kitu?" Nimemtuma maji.

Kesho watu wa utafiti wanaleta kipimo cha moshi. Walituita ofisi ya kijiji, sisi wenye watoto wanaokohoa. Watoto wengi wa huku Murusagamba wanaugua mapafu, wanataka kujua kama ni moshi wa kuni. Pikeni kama siku zote, wakasema. Wenzangu waliweka dole gumba kwenye karatasi. Mimi niliandika jina langu, herufi zote.

Lakini nani anapokea mgeni bila kufagia? Hawana mama hao?

Mjukuu wangu Edita, mtoto wa Jenista, amekohoa mara tatu nikiandika hapa. Ana miaka mitatu. Yuko mapajani kwangu, karibu na moto, kama kila jioni. Baridi ya huku kwetu haina adabu.

Jumanne, 4 Machi

Wamekuja saa tatu asubuhi. Binti wa utafiti anaitwa Rehema. Ana malezi, alipiga goti kusema shikamoo. Kidude chenyewe cheupe, ukubwa wa kopo la maziwa, kina taa ndogo. Wamekining'iniza juu ya kigoda changu, kimo cha pua ya mtoto. Kitakaa siku mbili. Wamenipa na daftari la kuweka alama Edita akikohoa. Lile ni lao. Hili ni langu.

Walipoondoka nilikaa nakitazama. Kinanipeleleza. Kitakwenda mjini kusema mwanamke fulani anafuga moshi. Mama mkwe wangu alikagua sufuria zangu miaka kumi, akafa hajapata la kusema. Leo nisemwe na kopo?

Nimewasha moto nyuma ya nyumba, chini ya bati la banda la kuku. Jenista kaniletea kuni, kazitua kwa kishindo. Kishindo cha namna ile nakijua.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kuni zimelowa. Maharage yamegoma kuiva. Nimepika nimeshika mwavuli.

Mama Leokadia, jirani yangu, ameona moshi bandani akaja mbio. "Mama Deusi! Umekuwa kuku siku hizi, unatagia nyuma ya nyumba?" Nimemwambia akafunge mbuzi wake. Amecheka mpaka kwake.

Edita ameshinda ndani na mama yake. Amekohoa kidogo tu. Nimeliona hilo. Sikupenda kuliona.

Alhamisi, 6 Machi

Rehema amechukua kidude. Akauliza kama tulipika kama kawaida. Nimesema ndiyo. Neno moja tu. Jenista alikuwa akimenya ndizi, kisu kikasimama.

Jioni nimerudi kwenye mafiga yangu.

Jumapili, 16 Machi

Rehema amenikuta natoka kanisani. Kasema mbele ya watu kwamba jiko langu lina hewa safi kuliko yote waliyopima hapa kijijini. Anataka kuleta wenzake wajifunze kwangu. Wanawake wakaniuliza siri. Nikawaambia, kausheni kuni, wavivu nyie. Nimerudi nyumbani shingo ndefu.

Mama Leokadia peke yake hakuuliza. Alinitazama tu.

Nilifurahi. Niandike kweli hapa: nilifurahi sana.

Ijumaa, 21 Machi

Edita anachemka. Akivuta pumzi mbavu zinazama, pua inapanuka. Juzi na jana mvua haikukatika, nikamkalisha motoni apate joto. Akakohoa. Nikamsogeza karibu zaidi.

Deusi ameenda kutafuta bodaboda.

Jumamosi, 22 Machi

Hospitali. Nimonia, ya tatu tangu mwaka jana. Wamemwekea hewa ya mtungi puani. Jenista hajakaa chini tangu jana.

Daktari ni kijana, naye yumo kwenye utafiti ule. Akafungua faili la Edita. Akasema nyumbani kwenu tulipima, hewa ni safi, kwa hiyo moshi tuuweke pembeni. Tutafute kingine. Anafikiria kifua kikuu.

Jenista alinitazama. Mimi nikatazama mtungi.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi wamempitishia mtoto mrija puani mpaka tumboni, wavute makohozi aliyomeza, wakapime. Mimi nilimshika mikono. Alilia akiniita mimi, si mama yake. Kesho watarudia. Picha ya kifua haikusema wazi. Daktari anasema hata vipimo visipoonyesha, huenda aanze dawa za kifua kikuu, miezi na miezi. Halafu arudi nyumbani. Kwenye hewa safi.

Nimeshinda na jambo hilo kama jiwe kiatuni. Kinachonifunga mdomo si daktari. Ni uso wa yule binti Rehema. Mtu mzima mwenye mvi, naogopa uso wa binti. Mpumbavu mimi.

Na si Edita peke yake. Watasema, tazama, nyumba safi na mtoto mgonjwa, basi moshi hauna kosa. Wajukuu wa Mama Leokadia nao wanakohoa. Nimewadanganyia watoto wa watu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Wodini, kabla ya mrija, wauguzi wakisikia. Daktari alitaka tutoke pembeni, nikakataa. Niliringa mbele za watu, acha niumbuke mbele za watu. Nikamwambia kidude chenu kilipima jiko ambalo halikupikiwa. Nilipikia bandani. Mtoto huyu anakaa mapajani kwangu, kando ya moto, kila jioni tangu hajaota jino.

Nikangoja nigombezwe. Hakunigombeza. Aliandika. Akasema vipimo vya kifua kikuu watamaliza vilevile, ila sasa ana pa kuanzia. Akauliza anakaa umbali gani na moto. Saa ngapi mpaka saa ngapi. Kuni za namna gani. Nimejibu yote. Kila jibu lilinipiga kofi.

Rehema alikuja mchana. Shikamoo yake ilikuwa nyembamba. "Bibi, nilikusifia kwa wenzangu," akasema. Basi. Akaenda zake. Heri angenitukana, ningejua la kujibu.

Jenista leo amekaa chini. Akaegemea bega langu, akasinzia. Kichwa kizito kama mtungi wa maji. Sikusogea.

Alhamisi, 27 Machi

Kifua kikuu hakuna. Edita anapumua bila mtungi, amekula uji, ametupa kijiko. Tumeruhusiwa.

Daktari amesema mtoto asikae jikoni moto ukiwaka, na jiko lipate dirisha. Kasema pia mapafu yake yamechoka, anaweza kuugua tena hata tukifanya yote. Neno hilo limeniuma. Lakini hakunidanganya, na mimi sina mdomo wa kumlaumu mtu anayesema kweli.

Jumamosi, 29 Machi

Deusi ametoboa ukuta wa jiko. Udongo wangu mweupe umebanduka vipande vipande, masizi yote nje. Sijasiliba.

Mama Leokadia amekuja kumwona mtoto. Nimemweleza mwenyewe, kabla hajaniuliza.

"Nilijua," akasema. "Moshi wa kuni naujua, na wa kiburi naujua. Wako ulikuwa na yote mawili." Kisha, tena bila aibu, akaomba Deusi akamtobolee na yeye ukuta wake. Nimemwambia Deusi aende kesho.

Jumanne, 8 Aprili

Kidude kimerudi tangu jana. Hesabu za mwanzo wamezifuta, wanapima jiko lilivyo sasa, dirisha na yote. Rehema aliniamkia, nikaitikia. Hakupiga goti, hakukawia. Ni haki yake.

Nimepikia ndani. Sikufagia kuliko siku nyingine. Moshi umepungua, haujaisha. Macho yamewasha. Kopo na lione.

Mchana mvua ikaanza. Edita alikuwa ng'ambo ya ua, nyumba kubwa, kitandani kwangu na mama yake. Akalia anataka kuja kwangu. Nimekataa. Akalia tena. Nimekataa tena. Mwishowe akadai hadithi, basi nikamsimulia kwa kupaza sauti kupitia dirishani, kama mtu anayeita ng'ombe, huku nageuza ndizi zisiungue.

Jenista akatokea mlangoni kajifunika kanga. "Mama, amelala zamani."

Nikamwambia nimesikia. Akarudi ndani. Nikaendelea mpaka mwisho.