Mrija wa Baba

Kitale,
20 Julai 1996

Kwa kaka yangu Wekoye,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani huko Thika? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila madaftari ya darasa la nne yataniua kabla ya siku zangu. Najua uliapa kutofungua barua yoyote ya nyumbani. Hii ifungue, hata kwa hasira.

Baba alianza kugeuka manjano mwezi wa Mei. Macho manjano, viganja manjano, mkojo kama chai ya rangi, na kutwa anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Mama alilaumu mapapai. Shangazi Dinah akalaumu majirani wote wa Kamukuywa, kwa majina. Nikamleta Kitale, na daktari alipomwona tu akatuandikia barua ya kwenda Nairobi.

Huko tuliambiwa ni kansa ya kongosho, na imebana njia ya nyongo. Kuikata haiwezekani tena. Kilichowezekana ni kumpitishia mdomoni mpira mrefu wenye taa hadi tumboni, kisha kuacha humo kijibomba cha plastiki ili nyongo ipate pa kupita. Daktari Gathoni akamwonyesha kimoja. Baba alikigeuza geuza, akauliza wodi nzima ikisikia ati kwani hii si ni lusekhe, na mbona haina kichujio, maana mrija wa kunywea pombe ya busaa bila kichujio huzibwa na machicha. Mzee wa kanisa huyo, Wekoye! Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Daktari alicheka, akakiri kwamba hata hicho huziba, pengine baada ya miezi mitatu.

Sasa manjano imeisha, hajikuni, anakula ugali wake wote na kuchungulia wangu. Jumapili iliyopita alitoa ushuhuda kanisani. Alieleza mrija kwa ufundi sana, namna ya kuushika na namna ya kuuzibua kwa kupuliza, hadi wazee wawili waliookoka zamani wakameza mate. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka haraka.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza ujuzi huo aliupata wapi. Alitembea mbele yangu mpaka langoni. Ndipo akaniambia kwamba ule mrija Mama alioutoa kwenye paa la ghala mbele ya mchungaji, ule ambao yeye Baba alikuvunjia mgongoni akakufukuza, ulikuwa wake mwenyewe. Aliuficha pale siku alipobatizwa kwa sababu alishindwa kuutupa. Siku ile aliona aibu, akakuachia wewe uibebe. Uliapa si wako, na mimi nikasema mbele ya watu wote kwamba unadanganya. Nisamehe, kaka. Imeniuma tangu Jumapili.

Baba anajua kila kitu. Anasema mrija wa daktari ni mzuri, ila chungu chenyewe kimepasuka. Hakutaka nikuandikie kwamba anaumwa, usije ukarudi kwa huruma. Alitaka nikuandikie kwamba alikosa. Mimi nimeandika yote mawili. Njoo kabla ya Oktoba.

Amekata mrija mpya, ameuweka kwenye paa la ghala, palepale. Anasema safari hii ni wako kweli.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Dinah pia, na anauliza kama unakula mapapai.

Ni mimi dadako,
Rispah