Kabla Hujaniona Kwenye Televisheni

Nyuma ya msikiti,
Mitwero, Lindi.
20 Agosti 2024.

Mpendwa kaka yangu Idd,

Shikamoo kaka. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Maskati, na lile goti limeacha kukusumbua unaposujudu. Wifi Nusaiba hajambo? Wanangu wote hawajambo? Sisi huku, alhamdulillahi, tu wazima. Shemeji yako Mfaume kikohozi kimemwacha na sauti imerudi, anaadhini tena alfajiri. Majirani wapenda usingizi wanasema bora angeendelea kukohoa.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu zipo. Simu ina haraka, kaka, na mimi nikisikia sauti yako nitalia kabla sijafika kwenye maneno. Lipo jambo nilikuficha siku ya mazishi ya Mama, nami nimelisema kwenye televisheni kabla ya kukwambia wewe. Nataka ulipate kwa mkono wangu. Kama umeshaliona kwenye simu za watu, nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Televisheni! Unakumbuka mwaka ule uliporudi kutoka Unguja, mimi niko darasa la pili, ukatusimulia kuwa kule kuna sanduku, watu wanaonekana ndani yake na rangi zao na za nguo zao? Marehemu Baba akakwambia, "Idd, safari imekufundisha uongo." Tusimlaumu. Unguja walishaanza zamani, lakini huku bara serikali ilikuwa haitaki, ilisema ni anasa. Mimi nilikua, nikaolewa, nikazaa, ndipo za bara zikaanza. Mpaka zifike Lindi, ni ungo mmoja tu juu ya bati la Mzee Yasini, mkubwa utadhani wa kupepetea mpunga wa mkoa mzima.

Wewe ulikuwa umeshaondoka, hukuona Baba alivyolipinga sanduku lile. Alilipita akitazama upande wa pili kama anayepita kilabu cha pombe. Hadi Ramadhani moja Mzee Yasini akamwita aone tarawehe ya Makka. Akaingia na kofia yake, akakaa chini kwenye mkeka, na alipoona watu wanavyoizunguka Kaaba machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo televisheni ikawa ya shetani kuanzia saa ya muziki tu.

Siku hizi ndiyo usiseme. Waturuki wanaongea Kiswahili kunishinda mimi. Ikifika saa ya tamthilia, wanawake wa hapa wanamlilia mwanamume wa Istanbuli ambaye hata hajui kama tupo, na waume zao wako barazani wanasubiri chai. Juzi binti mmoja wa mtaa amejifungua, mtoto kapewa jina la kwenye tamthilia. Babu yake kila akilitamka watu wanampa maji anywe, wanadhani amepaliwa.

Na serikali nayo tumeijulia humo humo. Bunge lilipokuwa linaonyeshwa moja kwa moja, Mfaume alikuwa anajua nani amesema na nani amesinzia. Sasa tunapata vipande vya jioni. Lakini moja nimejifunza, kaka. Kiongozi anaweza kupita mbele ya ndoo zako tupu mwaka mzima asizione, ila zikipita kwenye kioo anaziona siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya haya yaliyonikuta.

Pampu ya kisima kinacholisha bomba la mtaa wetu iliungua mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Tukaandika barua, tukaenda ofisini, jibu ni moja, subirini. Tukawa tunachota bondeni, maji mazito ya chumvi, au tunaletewa madumu na bodaboda. Mvua kubwa za masika zikatupa nafuu ya maji ya bati. Zilipokwisha, tukarudi bondeni.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Abilahi, akasikia kuna mwandishi wa televisheni kutoka Dar yuko Lindi mjini, anatafuta habari za kero za wananchi. Akamwomba aje. Kisha akapita nyumba kwa nyumba: wageni wanakuja kesho saa nne, jamani, tusiaibike.

Kaka, unatujua. Akitajwa mgeni, akili zote zinahamia jikoni. Alfajiri tu tulikuwa tumeshaagiza madumu kumi ya bodaboda. Tukapika pilau. Tukatengeneza juisi ya ukwaju. Tukaweka birika na beseni la kunawia na sabuni mpya haijafunguliwa karatasi. Tukavaa kanga za sikukuu. Na mimi dada yako, wallahi, nikanyunyizia uwanja ili vumbi lisiwapate wageni. Uwanja wote, mpaka barabarani.

Mwandishi ni binti mpole, jina lake Rosemary, kaja na kijana wa kamera. Wakanawa, wakala, wakanywa, wakanawa tena. Binti akatazama huku na huku, akasema kwa adabu, "Mama zangu, mlisema hamna maji tangu mwaka jana. Mbona hata uwanja umelowa?"

Bwana Abilahi akawa anachunguza viatu vyake.

Jirani yangu Valeria, yule Mmakonde wetu wa Newala, mama Alex, mdomo wake unaujua. Akapiga makofi. "Haya, mfuateni tena Batuli! Si nilisema tuwapokee na ndoo tupu? Mkaniambia Wamakonde hatuna ustaarabu. Leo ustaarabu wenu wa pwani umetunyima maji!"

"Na wewe si umekula sahani mbili?" nikamjibu.

"Nimekula kwa uchungu!"

Watu wakacheka mpaka kijana wa kamera akaiweka chini. Lakini Rosemary alianza kukunja nyaya zake. Akasema kesho yake asubuhi anarudi Dar, na hawezi kuonyesha pilau na uwanja uliolowa halafu aseme watu hawa wana shida ya maji, nchi nzima itamcheka. Tukamfungulia bomba, likatoa upepo. Akasema, "Bomba kavu ninalo la kila mtaa, mama. Nipeni mtu aliyeumia."

Valeria akanitazama. Hakusema kitu, na wewe unajua kunyamaza si kazi yake.

Sasa kaka, nakwambia nililomwambia yule binti. Siku ile ulipopiga simu ukauliza mbona Mama amezikwa baada ya alasiri wakati tulisema adhuhuri, tulikujibu tuliwasubiri ndugu wa Kilwa. Si kweli. Ndugu wa Kilwa walishafika na basi la kwanza. Tulisubiri maji. Tulikuwa tumemwosha mara moja tu, pipa likaisha. Bodaboda wawili walikuwa wamekwenda mjini, hawajarudi. Nikamfunika Mama shuka, nikakaa naye pale chumbani na mikono yangu ina sabuni, karibu saa mbili nzima. Aliyetuokoa ni Valeria. Alibeba madumu mawili, maji ya kunywa ya nyumba yake, akayaweka mlangoni bila kuingia, akasema, "Mwosheni mama yetu." Tukammalizia kama sunna inavyotaka. Bodaboda wakafika tumeshamvisha sanda.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa mbali, na ulishalia vya kutosha kwa kutokuja. Nilitaka ubaki ukijua Mama aliondoka bila kukosa kitu.

Nilijifunika vizuri, nikasema bismillahi, nikaitazama kamera kama alivyonielekeza. Sikulia. Nilisema jina la Mama, na mwezi, kwamba ni Shaabani, na nikasema sitaki mwingine wa mtaa huu asubirishwe namna ile. Rosemary ndiye aliyelia. Jirani zangu wengi walikuwa hawajui, maana mlango ulikuwa umefungwa siku ile. Bwana Abilahi akavua kofia.

Ilionyeshwa Alhamisi jioni. Mtaa mzima ulijaa sebuleni kwangu. Mimi nimetokea nusu dakika. Pilau nayo imetokea, na Valeria analalamika kuwa pilau imeonekana vizuri kuliko yeye. Jumatatu likaja gari na mafundi. Siku ya tisa bomba likakohoa, likatema maji mekundu ya kutu, kisha yakatoka meupe. Vigelegele vilisikika mpaka bandarini! Mfaume alitawadha mara tatu bila kutengukwa na udhu. Bwana Abilahi sasa anatembea mtaani kama yeye ndiye pampu.

Ningeishia hapo ningekuwa na furaha tupu. Lakini kesho yake tu baada ya kipindi binamu yetu wa Kilwa alinipigia, hata salamu hakunipa. "Batuli, umemwanika mama yako nchi nzima ikamwona." Mfaume ananiambia nilimpa Mama sadaka ya maji haya, si aibu. Nikiswali naona kama ni kweli, nikinyanyuka mswalani nasikia tena sauti ya binamu. Mwenye haki ya kuamua kati yao ni wewe. Wewe ndiye mkubwa wetu na Mama alikuwa wako pia.

Basi niseme na hili, uamue ukiwa unalijua. Juzi wanawake wa mtaa tulikutana, tukaweka mapipa mawili barazani kwangu, yenye mifuniko. Yamejaa. Hayachotwi ya kupikia wala ya kufulia, hata bomba likikatika mwezi mzima. Ni ya kuoshea maiti, wetu na wa kina Valeria. Kila Ijumaa tunayamwaga kwenye migomba tunajaza mapya, na zamu ya kwanza tumeshika mimi na yeye.

Nisalimie sana Wifi Nusaiba, na wanangu wote mmoja mmoja. Mfaume anakusalimu na anasema goti ulikande kwa mafuta ya mwarobaini. Valeria anakusalimu, anauliza kama Waarabu wameshakufundisha kupika. Mzee Yasini bado yupo, anakuombea dua. Barua hii anakuletea Yahya, mtoto wa mama mdogo. Mlishe vizuri, ana njaa ya safari.

Mwenyezi Mungu akupe afya na riziki ya halali, amrehemu Mama, amkutanishe na Baba mahali pema. Amin.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Kama ni kunigombeza, nigombeze, nitanyamaza nikusikilize. Kama umeniwia radhi, usinieleze mengi, niambie tu, "Batuli, jazeni mapipa."

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja kwenye simu,

Batuli